Bomba la Majitaka Likipita Mtaani, Nani Hulipa?

Mji ukipata maji mengi, hupata na majitaka mengi. Mkoani Simiyu suala hili limekaribia kutokana na mradi wa kuleta maji ya Ziwa Victoria, unaogharamiwa na Serikali pamoja na Mfuko wa Kijani wa Tabianchi na Benki ya Maendeleo ya Ujerumani (KfW). Kaya iliyozoea ndoo chache kwa siku ikipata bomba ndani ya nyumba, karo lake huwahi kujaa. Tena katika udongo mweusi wa mbuga, shimo la kunywesha maji ardhini hufanya kazi kwa shida, kwani udongo huo ukilowa hufumba.

Mtandao wa majitaka una sehemu tatu: njia kuu na mabwawa ya kutibu majitaka, bomba la mtaa, na kipande kinachotoka nyumbani hadi kwenye chemba. Katika miji ya Tanzania, sehemu mbili za kwanza kwa kawaida hujengwa kwa fedha za Serikali na wahisani au kwa mikopo, na mamlaka ya maji hurejesha gharama za uendeshaji kidogo kidogo kupitia ankara za kila mwezi, kwa bei zinazoidhinishwa na EWURA. Kipande cha nyumbani humwangukia mwenye nyumba.

Kwingineko, hususan Marekani, wenye viwanja hutozwa moja kwa moja gharama ya bomba la mtaa, na hapo kipimo kinachochaguliwa ndicho huamua nani aumie. Tuseme bomba limegharimu shilingi 12,000,000 na linahudumia viwanja 10. Kwa mgawo sawa, kila kiwanja hulipa 1,200,000. Mji ukipima kwa mita za kiwanja zinazopakana na bomba, viwanja 9 vya mita 20 hulipa 1,000,000 kila kimoja, na kiwanja cha kona chenye mita 60 hulipa 3,000,000, hata kama aliyemo ni mjane mwenye vyumba viwili. Nyumba ya wageni iliyo jirani, inayotoa majitaka mara nyingi zaidi, hulipa milioni moja tu. Kwa sababu hiyo iko miji inayopima kwa ukubwa wa eneo au matumizi, na mingi huruhusu malipo ya awamu kwa miaka kadhaa.

Huko Orangi, mjini Karachi, Pakistani, mradi ulioanzishwa mwaka 1980 na Akhtar Hameed Khan ulifuata njia nyingine: wakazi walichanga na kujenga mabomba ya vichochoro vyao, na njia kuu ikaachiwa serikali. Gharama ilishuka sana, kwa kuwa wakazi walisimamia kazi wenyewe.

Kuhusu mpangaji, busara ya kawaida ni kwamba ujenzi ni wa mwenye nyumba, kwa maana thamani hubaki kwenye kiwanja, na ankara ya mwezi ni ya mtumiaji. Kodi ya nyumba, bila shaka, inaweza kupanda.

Anayejenga sasa anaweza kupunguza gharama ya baadaye kwa kuweka karo upande wa barabara, mahali panapofikika kwa gari la kunyonya majitaka, na kulaza mabomba ya nyumba kwa mteremko unaoelekea huko. Karo likiwa nyuma ya nyumba, siku ya kuunganishwa sakafu ya ua hubomolewa.