Sauti Isiyo na Kura

Wako wanaouliza Kanisa Katoliki linatafuta nini katika mikutano ya serikali kuhusu hali ya hewa. Kwa sisi wakazi wa visiwa swali hilo lastahili jibu, kwani maji ya chumvi yanayoingia katika mabonde ya mpunga huko Pemba hayaulizi dini ya mwenye shamba.

Kiti Kitakatifu ni mtazamaji wa kudumu katika Umoja wa Mataifa tangu Aprili 1964, mwezi uleule ambao Zanzibar na Tanganyika ziliungana na kubaki na kiti kimoja huko. Azimio la mwaka 2004 lilikiongezea haki ya kusema katika mjadala mkuu na kusambaza nyaraka zake. Kura hakina. Nguvu yake, basi, ni hoja tu.

Na hoja imekuwapo. Waraka wa Papa Fransisko, Laudato Si', ulitolewa Juni 2015, miezi michache kabla ya mkutano wa Paris, nao ulitamka kwamba nchi za Kaskazini zina deni la mazingira kwa zile za Kusini. Neno hilo lina uzito wake. Sadaka hutolewa mtoaji apendapo. Deni hudaiwa, hata mdaiwa akinuna. Mataifa ya visiwa vidogo, yaliyoungana mwaka 1990, yalikuwa yakidai hivyo miaka mingi kabla ya waraka huo, na ni wajumbe wao waliokesha vikaoni hadi mfuko wa kufidia hasara ukakubaliwa Sharm el-Sheikh mwaka 2022. Vatikani iliwaongezea sauti pale ambapo wao hawakusikika.

Hata hivyo, Vatikani yenyewe ilijiunga na Mkataba wa Paris mwaka huohuo wa 2022, miaka saba baada ya kuwahimiza wengine. Huko ni kukawia, na hatuoni sababu ya kukunyamazia.

Wanazuoni wa Kiislamu nao walitoa tamko lao Istanbul, Agosti 2015, lenye mwelekeo uleule. Kwa hiyo tunawaomba wakuu wanaohusika, kabla ujumbe wa Tanzania haujaondoka kwenda mkutanoni, wawaite Mufti na Askofu wa Zanzibar waketi meza moja na wakulima wa mpunga na wavuvi, na yatakayosemwa hapo yaandikwe katika hotuba ya nchi.