Nyumba, Ufundi na Nasaba katika Visiwa vya Lamu

Visiwa vya Lamu, vilivyo kaskazini mwa pwani ya Kenya, hujulikana zaidi kwa mji mmoja, ambao wenyeji huuita Amu na ambao mwaka 2001 uliingizwa na UNESCO katika orodha ya Urithi wa Dunia. Sifa hizo zimewafanya wengi waisahau miji na vijiji jirani, ilhali maisha ya Amu hayaelezeki bila Shela, Matondoni, Pate na Siyu, kwa kuwa watu wa visiwa hivi wamezoea tangu zamani kutegemea ufundi wa wenzao hata pale walipokuwa mahasimu.

Nyumba ya mawe ya Amu hujengwa kwa matumbawe na chokaa, na dari yake hubebwa na boriti za mikoko, ambazo kwa kuwa si ndefu huvifanya vyumba viwe vyembamba hata katika nyumba ya tajiri. Mlangoni pana daka, yaani kibaraza chenye viti vya mawe pande mbili, ambapo mgeni asiye wa karibu hupokelewa bila kuingia. Ndani hufuata kiwanda, ambacho ni ua ulio wazi juu, kisha misana miwili, yaani kumbi ndefu nyembamba, mmoja nyuma ya mwingine, na hatimaye chumba cha ndani, ambapo ukuta wa zidaka, yaani vishubaka vya chokaa iliyonakshiwa, uliwekewa vyombo vya kauri. Mpangilio huu huenda sambamba na desturi ya waungwana, ambao walimpa binti nyumba alipoolewa, mume akahamia kwake. Ndiyo sababu orofa mpya ilijengwa juu ya ile ya wazazi, au likajengwa wikio, yaani chumba kinachovuka juu ya kichochoro na kuunganisha nyumba mbili, wanawake wa ukoo wakapata kutembeleana bila kushuka njiani. Anayesifu nakshi za milango peke yake, kama wafanyavyo waandishi wengi, ameishia barazani.

Mtaa wa Mkomani ndio wenye nyumba nyingi za namna hiyo. Langoni, upande wa kusini, palikuwa pa watu wa hali ya chini na wahamiaji, na huko ndiko Habib Swaleh, sharifu mwenye asili ya Komoro, alikoanzisha msikiti na chuo cha Riyadha, ambacho Maulidi yake huwakusanya Waislamu kutoka sehemu nyingi za Afrika Mashariki.

Shela, iliyo mwendo mfupi kwa miguu kutoka Amu, ina nasaba yake yenyewe, kwani wazee wake husimulia kuwa walitoka Takwa, mji wa kisiwa cha Manda uliohamwa katika karne ya 17, na watu wa Shela wamedumisha desturi ya kuvuka kwenda huko kuomba mvua kwenye kaburi lenye nguzo.

Matondoni ni kijiji cha waundaji wa vyombo. Fundi huunda jahazi au mashua bila mchoro, akiupima ubavu wa chombo kwa jicho na uzoefu, kisha mianya ya mbao huzibwa kwa kalafati, yaani pamba iliyotiwa mafuta na kusindiliwa kwa patasi na nyundo. Wanawake wa hapo, kama wenzao wa Kipungani, husuka mikeka na makanda.

Kwenda kisiwani Pate safari zamani ilifuata maji, kwa kuwa mkondo wa Mkanda haukupitika vyema mpaka bahari ijae. Mji wa Pate, uliotawaliwa na Wanabahani, ulikuwa na nguvu kuliko Amu hadi jeshi lake na la Wamazrui wa Mombasa liliposhindwa Shela mwanzoni mwa karne ya 19. Miji hiyo miwili ilishindana hata kwa siwa, yaani baragumu kubwa la heshima lililopulizwa katika harusi na sherehe za koo bora: la Pate lilichongwa kwa pembe za ndovu, la Amu likatengenezwa kwa shaba. Siyu haikuhitaji fahari hiyo, kwani ilijulikana kwa wanazuoni na wanakili wa misahafu, pamoja na mafundi wa ngozi na wachonga milango, ambao kazi zao ziliuzwa nje ya kisiwa chao, zikiwamo zile zilizopamba nyumba za Amu.