Je, Kutia Umeme kwa Haraka Huua Betri ya Motokaa?

Siku hizi motokaa za umeme zimeanza kuonekana katika barabara zetu, na pamoja nazo yamekuja maneno mengi. Linalosemwa sana ni hili, kwamba mtu akiitia umeme motokaa yake kwa mtambo wa haraka, betri itakufa upesi. Wengine hulikana kabisa, wakasema huo ni uvumi wa wauza petroli. Sisi wa Kidato cha Nne tulibishana juu ya jambo hili wiki nzima, hata Mwalimu wetu wa Fizikia akaniruhusu kutumia kompyuta ya maabara nitafute ukweli, maana vitabu vya maktaba yetu havijui habari za motokaa hizi. Niliyoyapata nayaandika hapa, nikidhani yatawafaa pia wazazi wanaofikiri kununua gari la namna hiyo.

Kwanza yafaa kujua haraka yenyewe ni nini. Umeme wa nyumbani ni wa mkondo geu, bali betri hukubali mkondo mnyoofu tu. Kwa hiyo ndani ya gari mna kifaa cha kuugeuza umeme, nacho ni kidogo. Nissan Leaf ya kwanza, iliyoanza kuuzwa Desemba 2010, ilikuwa na betri ya kilowati-saa 24. Ukiitia umeme nyumbani kwa kilowati 3, itakuchukua muda wa saa nane, yaani usiku kucha. Mtambo wa haraka hukiacha kando kifaa kile. Huugeuza umeme huko huko nje na kuupeleka moja kwa moja katika betri kwa kilowati 50, na mitambo mingine mipya hufika 350. Leaf ile hujaa asilimia 80 kwa muda wa nusu saa tu.

Sasa tutazame ndani ya betri. Humo mna ncha mbili, na ncha hasi imefanywa kwa grafiti, ambayo imepangwa tabaka juu ya tabaka kama kurasa za kitabu. Wakati wa kutia umeme, ioni za lithiamu huondoka ncha chanya, huogelea katika elektroliti, kisha huingia katikati ya zile kurasa na kukaa. Gari likienda, hurudi zilikotoka. Mfikirie msomaji bwalo letu kengele ya chakula inapolia. Wanafunzi wakija kwa utaratibu, kila mmoja hupata nafasi katika benchi. Wakija wote mbio, husongamana mlangoni, na tena mabenchi yakikaribia kujaa msongamano huzidi, maana mtu hutafuta nafasi asiione. Ndivyo zilivyo ioni. Zikisukumwa upesi kuliko grafiti inavyoweza kuzipokea, baadhi yake hubaki nje na kugeuka madini ya lithiamu juu ya uso wa grafiti. Sehemu ya lithiamu hiyo hairudi kazini tena, na betri imepungua nguvu kwa kadiri hiyo. Baridi kali hulizidisha jambo hili, kwa kuwa ioni huingia polepole. Kwa sababu hii kompyuta ya gari hupunguza mkondo betri inapokaribia asilimia 80. Si hitilafu, kama wengine wanavyolalamika.

Adui wa pili ni joto. Tumesoma darasani kwamba joto linalozalika hufuata mraba wa mkondo. Ukiuzidisha mkondo mara mbili, joto la kila sekunde huwa mara nne. Muda wa kujaza hupungua nusu, basi jumla ya joto ni mara mbili, nalo limekusanyika katika nusu ya muda, halipati nafasi ya kutoka. Juu ya grafiti kuna utando mwembamba ambao huilinda, lakini utando huo hujengwa kwa kula lithiamu, na joto huufanya uzidi kunenepa. Tena haungoji chaji ya haraka: gari lililoegeshwa juani likiwa limejaa pomoni huzeeka vile vile, hata kama halikutembea.

Haya yalionekana wazi huko Phoenix, katika jimbo la Arizona, Marekani, ambako joto la kiangazi hupita nyuzi 40. Mwaka 2012 wenye Leaf wa huko waliona betri zao zikipungua upesi mno. Leaf hizo hazikuwa na maji ya kuipoza betri, zilitegemea upepo tu. Maabara ya Taifa ya Idaho ilizijaribu Leaf nne katika mji huo huo, mbili zikitiwa umeme wa kawaida na mbili kwa mtambo wa haraka. Zilipofika maili 50,000, yaani kilomita kama 80,000, zote zilikuwa zimepoteza karibu robo ya nguvu yake! Zile za chaji ya haraka zilipoteza zaidi, lakini kwa asilimia chache tu. Kwa maoni yangu jaribio hili latosha kukata shauri: haraka hudhuru kidogo, jua hudhuru sana.

Tena neno "haraka" halina maana moja kwa kila gari. Kilowati 50 kwa betri ya kilowati-saa 24 ni kasi kubwa. Kwa betri ya 75 yenye maji ya kuipoza ni jambo dogo.

Nina mjomba wangu Dar es Salaam, dereva wa teksi, ambaye amejiwekea akiba miaka mingi na sasa ataka kununua Leaf iliyokwisha tumika Japani. Kwake si mabishano ya darasani, maana betri ikifa na akiba imekwenda. Nilimwandikia kwamba mitambo ya haraka asiiogope, kwanza ni michache mno nchini; ila asiitumie mara mbili mfululizo betri ikiwa bado ya moto kwa mwendo mrefu. Atie umeme nyumbani usiku, na mchana aegeshe kivulini. Zaidi ya yote, kabla ya kulipa atazame vipande vya nguvu ya betri mbele ya usukani. Gari jipya huwa navyo 12, na vikishuka chini ya tisa, betri imebakiwa na asilimia 70 hivi au pungufu. Amenijibu kuwa gari analolitaka lina vipande kumi, na muuzaji hataki kushusha bei hata kidogo.