Montreuil: Mji wa Kuta za Mafyulisi na Hazina za Vijiji

Mashariki mwa Paris, mahali ambapo mtembeaji hatambui kwamba ameliacha jiji ila kwa kusoma kibao cha barabarani, upo mji wa Montreuil, wenye wakazi takriban 110,000. Jina lake asili yake ni Kilatini, Monasteriolum, yaani makao madogo ya watawa. Na kwa kuwa Ufaransa inayo miji mingine kadhaa iitwayo hivyo, watu wa zamani waliuita Montreuil-sous-Bois, ijulikane kuwa ndio ule ulio karibu na msitu wa Vincennes. Lakini mwenye kutaka kuwafahamu watu wa kiunga hiki na aulize kwanza wamekwendaje Paris na kurudi, maana kila njia iliyofunguliwa iligeuza riziki yao, na riziki ikageuza ada.

Tangu karne ya 17 wakulima wa hapo walijenga kuta ndefu, wakazipiga lipu ya jasi iliyochimbwa papo hapo, ili zinywe joto la jua mchana na kulitoa usiku, na mafyulisi, matunda yapendayo nchi za joto, yakaiva katika baridi ya kaskazini. Katika karne ya 19 kuta hizo, lau zingaliunganishwa, zingalifika kiasi cha kilomita 600. Matawi yalitandazwa ukutani yakashikizwa kwa vitambaa na misumari. Tunda likiwa bado changa lilivikwa mfuko wa karatasi ili ngozi yake ibaki nyeupe, na siku za kuvuna zikikaribia mfuko ulivuliwa, ikabandikwa karatasi iliyokatwa kwa nakshi, jua likapaka wekundu kila mahali isipokuwa chini ya karatasi ile, hata tunda likatoka na nembo ya mfalme juu yake. Wanawake waliyasugua matunda kwa brashi kuondoa vinyweleo, wakayapanga vikapuni, na kabla ya alfajiri mikokoteni ilikuwa njiani kuelekea soko kuu la Paris. Nami naona ustadi huo wastahili taadhima ile ile wapewayo wachongaji na wachoraji.

Reli ndiyo iliyouvunja ustadi huo. Magari moshi yalipoanza kuleta matunda ya kusini, yaliyowahi kuiva na kuuzwa rahisi, kuta zikaachwa kubomoka, na viwanja vikajengwa nyumba na viwanda. Mwaka 1937 metro, njia ya 9, ilifika hadi mbele ya ukumbi wa mji, na tangu hapo mfanyakazi aliweza kulala Montreuil, akaingia behewani usiku haujaisha, akalivuka jiji zima mpaka Pont de Sèvres, upande wa viwanda vya magari, pasipo kubadili treni.

Miongoni mwa wafanyakazi waliokuja Montreuil baada ya uhuru wa nchi zao ni Wasoninke wa Mali, wengi wao kutoka jimbo la Kayes, wanaume walioacha wake na wazazi nyumbani, wakapangishwa katika mabweni ya wafanyakazi, mashuhuri kati ya hayo likiwa lile la mtaa wa Bara. Msongamano wa vyumba vyake ulikuwa aibu kwa walioachia hali hiyo. Walakini ndani yake mlikuwa na mji kamili, wenye wazee wanaosikilizwa, washonaji, vinyozi, na jiko ambalo mgeni yeyote alipata sahani ya wali na mchuzi wa karanga kwa bei ya huruma. Kila kijiji kilikuwa na hazina yake, ambayo wanawe walichangia mwezi kwa mwezi kutokana na mishahara ya kufagia ofisi na kuosha vyombo. Haikuwa kama upatu wetu, ambao kila mshiriki huingojea zamu yake. Hapa fedha ziliondoka kwenda kuchimba kisima, kujenga shule, zahanati na msikiti, na mwenzao akifariki ugenini, hazina ilimrejesha maiti kwa jamaa zake. Serikali ya mji wenyewe ilifungamana na wilaya ya Yélimané, katika jimbo hilo la Kayes, mwaka 1985, nami sioni kwamba ilifanya hisani, bali iliitika mwito wa watu iliokuwa ikiishi nao.

Bweni la Bara lilihamwa mwaka 2018. Mwaka 2024 njia ya 11 ya metro ilirefushwa, ikapata stesheni kwenye hospitali ya Montreuil, nao wenye uwezo wanaoshindwa na kodi za Paris wanazidi kuhamia huku. Katika majengo yanayochukua mahali pa mabweni ya kale, aghalabu kila mtu hupewa chumba chake na jiko lake dogo, na hiyo ni haki iliyochelewa mno. Ila wajenzi wangaliweka pia jiko moja kubwa na baraza pana, wazee wapate mahali pa kukaa wakihesabu michango ya mwezi.