Hifadhi Nzima Haipimwi kwa Hesabu Moja

Mwezi wa Juni mwaka 2024 ilitangazwa hapa Juba hesabu ambayo wengi hawakuitarajia. Mwaka uliotangulia, kuanzia mwishoni mwa Aprili hadi katikati ya Mei 2023, ndege ndogo ziliruka juu ya Hifadhi za Taifa za Boma na Badingilo pamoja na nyika zinazoziunganisha, na makadirio ya swala wanaohamahama yakakaribia milioni 6. Zaidi ya milioni 5 kati yao ni kobu wenye masikio meupe. Waliosalia ni swala wa Mongalla, ambao jina lao limetokana na mji wetu ulioko kaskazini mwa Juba kandokando ya Nile, na nyamera waitwao tiang, na tohe. Serikali na shirika la African Parks, lililokabidhiwa uendeshaji wa hifadhi hizo mbili kwa mkataba wa mwaka 2022, walieleza kuwa huo ndio msafara mkubwa kuliko yote ya wanyama wa nchi kavu inayojulikana duniani, mkubwa hata kuliko ule wa nyumbu wa Serengeti na Maasai Mara.

Sisi nasi tulifurahi, na tuna haki ya kufurahi. Lakini taarifa ile ile ilikuwa na upande wa pili ambao haukuzungumzwa sana sokoni. Wanyama wasiohama, yaani wale wanaoishi na kufia mahali walipozaliwa, wakiwamo tembo, nyati na punda milia, wamepungua mno ikilinganishwa na hesabu za miaka ya 1980. Basi je, hifadhi yenye swala milioni kadhaa na isiyo na nyati ni hifadhi nzima? Tumeona tuandike juu ya swali hili kwa sababu wasomaji wa jarida hili, ninyi mnaoishi Nimule, Magwi, Kajo-Keji, Kapoeta na ng'ambo ya pili huko Elegu na Karenga, ndio mnaoishi karibu zaidi na jibu lake.

Wataalamu wana neno lao: ukamilifu wa ikolojia. Maana yake si ngumu. Ni hali ya mahali ambapo viumbe vyote vinavyopaswa kuwapo vingalipo, kila kimoja kikiifanya kazi yake: tembo akifungua njia kichakani, nyati akikata nyasi ndefu, chui akiwapunguza nyani, tumbusi akila mzoga kabla haujaeneza maradhi, moto ukija kwa wakati wake na mto ukifurika kwa wakati wake. Nchi ya Kanada iliandika katika sheria yake ya hifadhi za taifa ya mwaka 2000 kwamba kuudumisha ukamilifu huo ndiko kutangulie mambo mengine yote katika usimamizi wa hifadhi. Huo ni uamuzi mzito, kwa kuwa huwezi kudumisha usichokipima.

Na kupima kwenyewe kunafanywaje? Watu wengi hudhani kwamba ahesabuye wanyama kutoka angani huhesabu kila kichwa. Sivyo. Ndege hupita juu ya nyika katika mistari iliyonyooka, yenye umbali sawa kati ya mmoja na mwingine, kwa kimo kisichobadilika. Kwenye mihimili ya mabawa hufungwa fito mbili, na mhesabuji aketiye dirishani huwahesabu wale tu waonekanao katikati ya fito hizo. Aliye nje, hata akiwa tembo mwenye pembe za kugusa ardhi, hahesabiwi. Kwa kuwa kimo kinajulikana, upana wa ukanda ule ardhini nao unajulikana, na hivyo kilichoonekana katika vipande huzidishwa hadi kulifikia eneo lote. Kundi likilishinda jicho hupigwa picha, kisha likahesabiwa mezani. Kinachopatikana ni makadirio yenye nafasi ya kupanda na kushuka, wala si idadi kamili kama ya fedha benki.

Kwa hiyo hesabu mbili hulinganishwa tu zikiwa zimefuata eneo lile lile, majira yale yale na njia ile ile. Mwaka 2007, miaka miwili baada ya Mkataba wa Amani, shirika la Wildlife Conservation Society liliruka juu ya sehemu kubwa ya nchi hii na kukadiria kobu, tiang na swala wa Mongalla kuwa zaidi ya milioni 1.2. Anayechukua namba hiyo, akaiweka kando ya ile ya 2023, akasema wanyama wameongezeka karibu mara tano, anajidanganya; safari hizo mbili hazikupita mistari ile ile wala mipaka ile ile. Tunalisema hili kwa sababu tumekwisha kusikia watu wakilitumia kama hoja, ati wanyama wamezidi mno hata nyama ya lori moja haiwezi kudhuru.

Safari ile ya 2007 ilifunua jambo jingine linalostahili kukumbukwa zaidi kuliko idadi. Mashariki mwa Nile, ambako wanyama huhamahama na mabwawa ya Sudd huwapa kimbilio, makundi makubwa yalikuwa yameipita vita yakiwa hai. Magharibi mwa Nile, ambako wengi hawahami, nyika zilizojulikana kwa nyati zilikutwa karibu tupu. Mwenye miguu alikimbia. Mkaazi alimalizwa alipo. Ndiyo maana mnyama mkaazi ni kipimo cha ukweli zaidi cha afya ya hifadhi kuliko msafiri. Msafiri huweza kuonekana kwa mamilioni mwezi huu katika hifadhi ambayo, mwezi ujao akishaondoka, haina kitu.

Mnyama aliyebaki mmoja mmoja, isitoshe, ndege yaweza kumpita mara kumi bila kumwona. Hapo ndipo kazi inaposhuka ardhini. Askari wa wanyamapori huandika kila doria ilikopita na ilichokikuta: nyayo, kinyesi, tanzi la waya, kambi iliyoachwa. Kamera hufungwa mtini ili zijipige zenyewe mnyama apitapo. Baadhi ya tembo na swala huvalishwa mikanda yenye vifaa vya setilaiti, na hivyo njia zao hujulikana siku hata siku. Setilaiti huonyesha pia mioto, na moto si adui wakati wote. Nyasi zikichomwa mwanzoni mwa kiangazi, zikiwa bado na unyevu, huungua kwa mabaka na kuacha vichaka vya kujificha. Zikichomwa mwishoni, zikiwa kavu kabisa, moto hupanda juu, huua miche ya miti na kuiacha ardhi wazi kwa mvua za kwanza. Mkulima mwenye umri anajua haya kuliko setilaiti, na tungependa aulizwe.

Tuichukue Hifadhi ya Taifa ya Nimule, ambayo iko mlangoni petu. Ilianzishwa mwaka 1954, na ukubwa wake ni zaidi kidogo ya kilomita za mraba 400, ndogo sana mbele ya Boma. Ina Nile, ina maporomoko ya Fula, ina tembo, viboko na kobu, na kusini mwake ni Uganda. Hifadhi ndogo kama hii haina pa kuficha kosa. Katika Boma tanzi mia moja huenda zisionekane katika hesabu ya swala. Katika Nimule tanzi mia moja ni msiba. Tena iko kando ya barabara ya lami ya Juba–Nimule, yenye urefu wa kilomita 192, ambayo tangu ikamilike mwaka 2012 imekuwa mshipa wa uhai wa taifa. Kitokacho porini asubuhi chaweza kuwa sokoni Juba kabla jua halijazama.

Hapa ndipo kazi ya polisi inapoingia, na tungependa ieleweke vizuri. Ulinzi wa ndani ya hifadhi ni wa askari wa wanyamapori. Lakini barabara, masoko na vituo vya mpakani ni vyetu pia, na kizuizi cha barabarani, kikitumiwa sawasawa, ni chombo cha kupimia hifadhi. Bodaboda ikikamatwa na nyama iliyokaushwa kwa moshi, kosa ni nusu tu ya habari. Nusu ya pili ni maswali: ni mnyama gani, dume au jike, mkubwa au ndama, ametoka upande gani, ameuawa kwa risasi au kwa waya? Nyama ya nyati ikiacha kabisa kuonekana katika barabara ya Bor, ambayo hupita ubavuni mwa Badingilo, hiyo si lazima iwe dalili kwamba ujangili umekwisha. Yaweza kuwa dalili kwamba nyati ndio waliokwisha. Majike wenye mimba wakianza kuwa wengi kuliko madume, mwindaji hachagui tena. Yote haya hupotea endapo mzigo hauandikwi, na hupotea mara mbili endapo nyama iliyokamatwa inaishia katika sufuria ya aliyeikamata. Raia ana haki ya kuuliza nyama ile ilipelekwa wapi na nani aliitia sahihi, na askari ana wajibu wa kujibu bila kukunja uso.

Kuna lawama tuliyoisikia katika mikutano ya kamati za mahusiano ya polisi na jamii, na hatuoni sababu ya kuizunguka. Tembo huingia shambani usiku, akala mtama na muhogo wa mwaka mzima. Mwenye shamba huenda kutoa taarifa, akaambiwa asubiri. Siku ya tatu jirani yake akitega waya, askari hufika mara moja. Mtu aliyeona mambo hayo mawili hatatoa taarifa tena, wala hatutashangaa. Kwa maoni yetu taarifa ya shamba lililoliwa inapaswa kuandikwa kwa uzito ule ule wa taarifa ya ujangili, kwanza kwa sababu ya haki, na pili kwa sababu ni kipimo kingine cha hifadhi: tembo anayetoka mara kwa mara anaeleza kwamba huko ndani pana tatizo la maji, la malisho au la bunduki.

Mpaka nao tuutaje kama ulivyo. Kobu wa Boma huvuka hadi Gambella nchini Ethiopia bila kugongewa muhuri. Tembo wa bonde la Kidepo, ambako Uganda ina hifadhi ya taifa tangu 1962 na sisi tuna pori la akiba linalopakana nayo, hufuata maji na malisho pande zote mbili. Anayeua naye huvuka, akitegemea kwamba kituo cha huku hakizungumzi na kituo cha huko. Gharama ya ukimya wa namna hiyo tunayo mfano wake. Vifaru weupe wa kaskazini waliishi katika nchi yetu, Uganda, na Garamba nchini Kongo, ambako ndiko walikobakia porini mwisho. Walilindwa kipande kipande, na wakaisha kipande kipande. Dume wa mwisho aliitwa Sudan. Alikamatwa akiwa mdogo huko Shambe, kando ya Nile, mwaka 1975, akapelekwa Chekoslovakia, akarudishwa Afrika mwaka 2009 na kutunzwa Ol Pejeta nchini Kenya hadi alipokufa mwezi Machi 2018. Wamebaki majike wawili. Mwaka 2023 Garamba ilipokea vifaru weupe 16 kutoka Afrika Kusini, nao ni wa jamii ya kusini. Wa kwetu hawakuwapo wa kurudishwa.

Kwa hiyo tunawaomba yafuatayo, na hayahitaji ndege. Ukiona tumbusi wengi wakizunguka mahali pamoja, au ukiwakuta wamekufa karibu na mzoga, toa taarifa siku hiyo hiyo na usiuguse mzoga. Huenda umetiwa sumu. Ukikuta tanzi, usilivizie wala usimfuate aliyelitega. Kumbuka mahali, lipige picha kama una simu, ondoka, kisha utoe taarifa. Ukiona mnyama ambaye kijiji hakijamwona miaka mingi, hiyo nayo ni taarifa njema yenye thamani sawa na ile mbaya. Taja siku, saa, mahali kwa jina ambalo wenyeji hulitumia, idadi, na upande alikoelekea. Huna haja ya kumtaja mtu usiyekuwa na hakika naye, na jina lako halina haja ya kusomwa mkutanoni. Wazee waliowahi kuona nyati au kifaru mahali fulani nao waeleze ni lini na wapi, kwa maana bila kujua palikuwa na nini hatuwezi kusema pamepungua nini.

Kwa upande wetu, taarifa inayohusu mnyama au mtu aliyevuka mpaka haipaswi kulala katika daftari la kituo kimoja. Ipelekwe kwa askari wa wanyamapori, na kwa wenzetu wa upande wa pili siku hiyo hiyo, na aliyeileta arudishiwe jibu, hata kama jibu lenyewe ni kwamba tulifika tukakuta nyayo tu.