Mfupa hauimarishwi na kalsiamu pekee

WAKAZI wengi wa Kitengela hutegemea maji ya visima, na katika sehemu kadhaa za Kaunti ya Kajiado maji ya chini ya ardhi yana floridi kupita miligramu 1.5 kwa lita, kiwango kilichowekwa na Shirika la Afya Duniani (WHO). Dalili ya kwanza huonekana kwenye meno ya watoto, ambayo hugeuka rangi ya kahawia. Yanayotokea mifupani hufichika zaidi.

Mfupa ni fuwele za kalsiamu na fosfeti zilizopangwa juu ya nyuzi za protini iitwayo kolajeni. Mojawapo ya wapangaji ni protini nyingine ndogo, osteokalsini, ambayo kwa binadamu ina asidi amino 49. Tatu kati ya hizo hugeuzwa na vitamini K, iliyojaa katika sukuma wiki, zikawa mithili ya koleo la kushikia kalsiamu.

Mwaka wa 1996, watafiti walishangaa kukuta panya wasio na protini hiyo wana mifupa mizito zaidi. Utafiti wa 2020 ulifichua kasoro: fuwele zao hazikulala sambamba na nyuzi, na mfupa ukapungukiwa na nguvu. Mpangilio, basi, una uzito kuliko wingi.

Floridi nayo hujipenyeza ndani ya fuwele zenyewe. Mfupa huongezeka uzito lakini huvunjika kwa wepesi, na viungo hukakamaa. Kuchemsha maji hakusaidii. Mvuke hupaa, floridi ikabaki. Kinachofaa ni kuyachuja kwa mkaa wa mifupa ya ng'ombe, ambao fuwele zake huinasa floridi kabla haijafika kinywani.