Umeitwa Kwenye Usaili: Je, Uende?

MWALIMU: Ninyi mlio madarasani Mwanza mjini, Magu, Misungwi, Sengerema na visiwani Ukerewe, fungueni daftari zenu. Mwalimu wa darasa, andika ubaoni maneno matatu: USAILI, ADA, MKATABA.

Usaili ni mazungumzo ya mwenye kazi na mtu anayetaka kazi. Ada ni fedha inayotozwa kwa huduma. Mkataba ni mapatano ya watu wawili, na yafaa yaandikwe.

Sasa tusome ujumbe. Tumeutunga kwa ajili ya somo hili, lakini wengi wenu mmekwisha kuona unaofanana nao. Tuseme kuna binti wa Nansio, tumwite Bahati. Amemaliza kidato cha nne, naye amekaa nyumbani miaka miwili bila kazi. Jioni moja anapata ujumbe huu katika simu:

"Hongera! Umechaguliwa kwa usaili, kiwanda cha samaki Mwanza. Mshahara 850,000/= kwa mwezi. Fika kesho saa 2 asubuhi, nyumba ya wageni Kirumba. Tuma leo 35,000/= ya fomu. Njoo na vyeti vyako vyenyewe na kitambulisho. Usimwambie mtu, nafasi ni chache."

Bahati hakulala. Kulipokucha alikwenda kwa shangazi yake, mchuuzi wa dagaa. Tuwasikilize.

BAHATI: Shikamoo, shangazi.

SHANGAZI: Marahaba, mwanangu. Mbona mapema hivi?

BAHATI: Nimeitwa kazini Mwanza. Naomba unikopeshe elfu 35 ya fomu. Nitakurudishia nikipata mshahara wa kwanza.

SHANGAZI: Fedha ninayo, ni ya dagaa wa juzi. Lakini nisomee kwanza huo ujumbe. (Anasoma.) Kazi hiyo uliiomba lini?

BAHATI: Sikuiomba.

SHANGAZI: Basi walikuchagua kati ya nani na nani?

BAHATI: Sijui, shangazi. Lakini nikiikosa nafasi hii? Miaka miwili nimekaa tu.

SHANGAZI: Sikukatazi kazi, mwanangu. Ila mimi sinunui gunia la dagaa lililofungwa. Namwambia mwenye mali alifungue, nitie mkono mpaka chini, nione kama kuna mchanga. Mwenye mali safi hakasiriki. Akikataa, namwachia gunia lake. Nawe mwombe huyo afungue gunia.

MWALIMU: Ahsante, shangazi. Hilo ndilo somo letu. Watu wengi wakipata ujumbe kama huu hufanya haraka. Mmoja hutuma fedha na kupanda meli. Mwingine husema wote ni matapeli, akafuta ujumbe, na huenda siku moja akafuta kazi ya kweli. Njia iliyo salama ni kuuliza. Huna haja ya kujua moyo wa mtu aliyekuandikia. Muulize, kisha utazame anavyojibu.

Tuusome ujumbe tena, polepole. Je, jina la kiwanda limeandikwa? Hapana. Jina la aliyeuandika? Hapana. Kazi yenyewe ni ipi: kusafisha samaki, kupakia au kuandika hesabu? Haikutajwa. Kilichotajwa wazi ni mshahara, haraka na fedha ya kutuma. Msomaji mzuri husoma kilichoandikwa, na pia hutazama kilichoachwa.

Mwenye kazi hulipa mtu anayefanya kazi. Akianza kwa kutaka fedha kwako, simama. Mkataba Na. 181 wa Shirika la Kazi la Kimataifa, wa mwaka 1997, unasema kwamba kwa kawaida wakala wa ajira wasiwatoze fedha wafanyakazi. Na maneno "usimwambie mtu" yana hatari kuliko yote. Kazi ya halali haifichwi kwa shangazi.

Sasa tuandike jibu. Kila mmoja anakili katika daftari:

"Ndugu, nimepata ujumbe wako. Kabla ya kuja naomba kujua mambo haya. 1. Jina kamili la kiwanda na mahali kilipo. 2. Kazi ni ipi, na ya muda gani. 3. Jina langu na namba yangu mlipata wapi. 4. Kwa nini usaili haufanyiki kiwandani. Sitatuma fedha. Nikipata majibu nitakuja na ndugu yangu, nikiwa na nakala za vyeti vyangu. Vyeti vyenyewe nitavionyesha, lakini sitaviacha."

Jibu hili lina adabu. Mwajiri wa kweli ataliheshimu. Tapeli atakasirika, au atasema nafasi imekwisha, au atapunguza ada iwe elfu 20. Hapo gunia limefunguka, na mchanga umeonekana.

Hata akijibu vizuri, usithibitishe kwa kupiga namba aliyokupa yeye mwenyewe. Mwombe ndugu aliyeko Mwanza afike kwenye geti la kiwanda kilichotajwa, aulize kama wanaajiri. Waweza pia kuuliza Ofisi ya Kazi. Ukiona ni utapeli, peleka ujumbe ule kwenye namba 15040, na kama fedha imekwisha kwenda, nenda polisi upesi. Usione haya, kwa maana aibu ni ya mwizi.

Ukipata kazi, kumbuka Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004. Inamtaka mwajiri akupe kwa maandishi kazi yako, mahali, saa na malipo. Usipoelewa maandishi hayo, hana budi kuhakikisha unaelezwa mpaka uelewe.

Kazi ya nchi za nje yahitaji tahadhari zaidi. Mwaka 2017 shirika la Human Rights Watch lilitoa taarifa ya wanawake wa Tanzania waliokwenda kufanya kazi za nyumbani Oman na Falme za Kiarabu. Wengi walieleza kwamba walinyang'anywa pasi zao, na kazi na mshahara havikuwa kama walivyoahidiwa. Nchini mwetu, Sheria ya Kuzuia Biashara Haramu ya Usafirishaji wa Binadamu ya mwaka 2008 inamtia hatiani mtu anayemchukua mwenzake kwa hila ili amnyonye.

Jambo hili si geni. Zamani za ukoloni waandikishaji walipita vijijini wakitafuta vibarua wa mashamba ya mkonge. Kutoka Usukuma pia watu walikwenda. Waliitwa manamba, kwa sababu kila mmoja alipewa namba. Wengi hawakujua kusoma. Walitia dole gumba kwenye karatasi wasiyoweza kuiuliza neno. Wewe leo waweza kuisoma karatasi, na waweza kuiandikia maswali. Ndiyo faida ya daftari hilo lililo mbele yako.

Maswali ya kuzungumza darasani:

1. Ni mambo gani yaliyoachwa katika ujumbe wa Bahati?
2. Kwa nini ni vibaya kumwachia mtu vyeti vyenyewe?
3. Kama Bahati angekuwa binti yako, ungemwambia nini bila kumvunja moyo?

Nyumbani, msomee jirani asiyejua kusoma barua ile ya majibu. Kwaherini, mpaka somo lijalo.